Nzi aliyekula karotini akabaki haoni: kisa cha ninaB, ninaD na santa-maria

Ngoja nianze na vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni, vile ambavyo ukivipiga kofi unakuta umepiga hewa tu. Sio bahati ile, kinakuona. Jicho lake ni vijicho kama 800 vimepangwa mfano wa sega la nyuki, kila kijicho kina seli nane za kupokea mwanga, na kila moja ya hizo seli ni seli ya neva kabisa, ina mkia wake unaoingia ubongoni. Kwa hiyo kila nitakaposema jicho la nzi hapa chini elewa naongelea mishipa ya fahamu.

Sasa kisa chenyewe. Kuna nzi wa hivi hivi wa matunda waliokuwa wanakula vizuri tu maabara, chakula kina karotini ya kutosha, ile rangi ya njano na machungwa ya karoti na mahindi ya njano ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na bado macho yao yalikuwa karibu matupu, rodopsini, ile protini ya jicho inayoshika mwanga, hamna. Wenzao waliokula uji ule ule kutoka sufuria ile ile wanaona kama kawaida. Swali ni vitamini imekwama wapi. Jibu lilichukua zaidi ya miaka 20 kukamilika, na kilichonivutia mimi ni kwamba kila walipofikiri wameshafika kwenye jicho, njia ilikuwa inawarudisha nyuma, mara tumboni, mara kwenye seli za ubongo ambazo hata hazina kazi ya kuona.

Kwanza namna walivyogundulika, maana nzi haendi kwa daktari kulalamika. Maabara ya William Pak, chuo kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani, walikuwa wanawapa nzi kemikali inayoharibu jeni ovyo ovyo, afu wanachukua watoto na wajukuu wao mmoja mmoja wanawapima umeme wa jicho. Unaweka waya mwembamba juu ya jicho, unawasha taa, unaangalia mstari unavyoruka. Na kipimo walichotumia ni cha ujanja sana. Rodopsini kubwa ya nzi, ile iliyo kwenye seli sita za nje za kila kijicho, inapenda mwanga wa bluu, mawimbi ya kama nanomita 480. Ikishapigwa na bluu inageuka kuwa umbo lingine ambalo linapenda rangi ya machungwa, kama 580. Kwa hiyo ukimpiga nzi mzima na bluu kali, rodopsini nyingi inageuka kwa mkupuo, breki za seli zinazidiwa, na seli inaendelea kupiga kelele hata baada ya wewe kuzima taa, haitulii mpaka umwashie taa ya machungwa. Nzi mwenye rodopsini kidogo hana hicho kitu. Unamwashia bluu, anashtuka, unazima, ananyamaza hapo hapo. Hakuna mwangwi.

Nzi wa namna hiyo wakapewa jina la nina, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba seli haiachi kuitikia taa na wala haibaki na mwangwi, afu wakaongezewa herufi kadiri jeni mpya zilivyopatikana, ninaA, ninaB, ninaC, ninaD, ninaE, na kuendelea. (Watu wa nzi kwa majina wana vituko vyao, subiri utaona.) Kwa Kiswahili jina lenyewe linachekesha, ni kama nzi anajitambulisha, nina B, nina D, kumbe ndicho hana.

Hapo ndipo uchunguzi wa maana unaanza, kwa sababu dalili ni moja, rodopsini imepungua, lakini sababu zinaweza kuwa kumi. Rodopsini ina vipande viwili. Kuna protini inaitwa opsini, hiyo nzi anaitengeneza mwenyewe kutoka kwenye jeni zake, na kuna kijipande kidogo kinachokaa katikati ya hiyo protini ambacho ndicho kinachoshika mwanga, na hicho kinatokana na vitamini A. Mambo ya vitamini A kuwa ndani ya retina aliyaonyesha George Wald mwaka 1933 kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na mwaka 1967 akapata Nobel kwa kazi hiyo ya macho. Kwa nzi kile kijipande kina tofauti ndogo, kimeongezewa oksijeni na hidrojeni sehemu moja, kinaitwa hidroksiretinali, Klaus Vogt ndiye aliyekitambua miaka ya mwanzo ya 80, lakini asili yake ni ile ile, karotini na ndugu zake wa njano.

Ukikosa kijipande basi opsini yenyewe inaathirika, hiki watu wengi hawakijui. Seli haikai na opsini tupu ikisubiri vitamini ije. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba opsini isiyo na kijipande chake haikomai, inabaki imekwama kwenye kiwanda cha protini ndani ya seli, haifiki kwenye vile vijinyweleo vinavyopokea mwanga. Kwa hiyo ukipima protini tu unaweza kudanganyika ukasema jeni ya opsini imeharibika kumbe jeni iko poa, kilichokosekana ni kitu cha kutoka kwenye chakula.

Basi Pak na wenzake waliwatofautishaje? Kwa kuangalia ni seli zipi zinaumwa. ninaE ni jeni ya opsini yenyewe ya zile seli sita za nje, ikiharibika wanaumia hao sita tu, seli mbili za katikati zina opsini zao nyingine, zinaendelea na maisha. ninaA nayo ni msaidizi wa kukunja opsini hiyo hiyo, kwa hiyo balaa lake linabaki kwa wale wale. Lakini ninaB na ninaD ni msiba wa ukoo mzima, seli zote nane zinapungukiwa. Ukiona hivyo unajua kilichokosekana ni kitu wanachochangia wote, na kitu wanachochangia wote ni kile kijipande cha vitamini. Afu wakafanya jaribio la mwisho ambalo kwangu mimi ndilo roho ya kisa hiki, waliwapa hao nzi vitamini A iliyo tayari, sio karotini, na macho yakarudi. Karotini wanayo kwenye chakula kila siku na haiwasaidii, ukiwapa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa wanaona. Hizi ni habari za mwaka 1983.

Simama hapo kidogo, maana kuna kitu kinachofanya nzi awe mgonjwa mzuri kuliko binadamu. Mtoto wa binadamu akikosa vitamini A haumwi macho peke yake, ngozi, utumbo, kinga ya mwili, vyote vinayumba, na wengi wanakufa kwa surua na kuhara kabla hata hujamaliza kuchunguza macho. Nzi hana huo mzigo. Mwaka 1964 Timothy Goldsmith na wenzake walilea nzi wa nyumbani kwa chakula kisicho na karotini kabisa, wakakua, wakawa watu wazima, kilichoanguka ni uwezo wa jicho kuhisi mwanga. Ndiyo maana unaweza kupata nzi wenye ninaB mbovu kizazi baada ya kizazi kwenye chupa, wanapandana gizani huko, wanataga, maisha yanaenda. Kwa nzi vitamini A ni kitu cha kuonea zaidi ya kitu kingine chochote.

Na kitu kingine cha pembeni kidogo, chakula cha hawa nzi maabara ni uji, sitanii, unga wa mahindi, hamira, sukari au molasesi, na agari ya kuugandisha. Karotini ya nzi wa maabara inatoka sana kwenye ule unga kwa sababu kule wanatumia mahindi ya njano. Sembe yetu nyeupe karibu haina kitu hicho, na hamira ya mkate nayo haina. Ukitaka kumlea nzi asiye na vitamini A huhitaji mitambo, unamnyima mahindi ya njano unampa hamira na sukari tu. Nikisoma hilo huwa nakumbuka ugali mweupe tunavyouheshimu, na ule wa njano tukauita wa msaada.

Turudi. Kufikia hapo wanajua ninaB na ninaD zinahusika na kuifikisha karotini kuwa vitamini A, lakini jeni zenyewe hazijulikani ni nini. Na hapa sio wao tu waliokuwa gizani. Tangu mwaka 1930 Thomas Moore huko Cambridge alishaonyesha kwamba panya wakila karotini wanapata vitamini A kwenye ini, miaka ya 60 watu wakaiona kazi ya kimeng'enya kinachoikata karotini katikati ndani ya majimaji ya utumbo, lakini kukipata chenyewe, jeni yake, hakuna aliyeweza. Miaka 70 dunia inajua kuna mkasi na haijauona mkasi.

Ukaonekana kwa nzi. Na ukaonekana kupitia mahindi, hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Kuna mahindi yenye jeni mbovu ambayo punje zinaota zikiwa bado kwenye gunzi shambani, hazisubiri kuvunwa. Sababu ni kwamba mmea umeshindwa kutengeneza homoni ya kulaza mbegu, na hiyo homoni inaanza kwa kukata ndugu wa karotini. Kimeng'enya hicho cha mahindi kilijulikana mwaka 1997. Johannes von Lintig na Klaus Vogt, Freiburg Ujerumani, wakasema kama mmea una mkasi wa karotini basi mkasi wa mnyama unaweza kufanana nao, wakatafuta kwenye jeni za nzi kitu chenye sura hiyo, wakakipata. Kukihakikisha wakatumia bakteria walioongezewa jeni za kutengeneza karotini mpaka wakawa wa njano. Wakawapa jeni ya nzi. Bakteria wakapauka, karibu weupe. Njano imekatwa, imekuwa retinali, ambayo ni aina ya vitamini A. Hiyo ni mwaka 2000, na mwaka huo huo kikundi kingine kikaipata ya kuku. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba jeni hiyo ya nzi ndiyo ninaB yenyewe, ile ya Purdue, ile ya nzi kipofu.

Kwa hiyo nzi wa ninaB mkasi wake umevunjika, ana karotini mwilini lakini haikatiki. Baadaye, mwaka 2008, ikaonekana mkasi huo wa wadudu una makali mawili, hauikati tu, unaukunja na upande mmoja uwe na umbo linalotakiwa na jicho kabla ya mwanga kuligusa. Sisi kazi hizo mbili zinafanywa na vimeng'enya viwili tofauti, vya ukoo mmoja lakini kila kimoja kivyake. Nzi kabana matumizi.

ninaD je? Huyo mwaka 2002 akajulikana ni mlango. Ni protini ya kwenye ngozi ya seli, ya jamii ya vipokezi vinavyookota mafuta na vitu vinavyosafiri na mafuta, na karotini ni kitu cha mafuta, haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana bibi zetu mchicha walikuwa wanauunga kwa nazi au mafuta na sio kuuchemsha tu. Nzi wa ninaD anakula, karotini inapita tumboni inatoka nyuma, mlango wa kuipokea haupo. Sasa linganisha hawa wawili, dalili za jicho ni zile zile kabisa, mmoja karotini imejaa haikatwi, mwingine haijaingia hata ndani. Ungewapima macho tu usingewatofautisha mpaka kesho.

Nilipofika hapa mara ya kwanza nilidhani kisa kimeisha. Tumbo linaingiza, jicho linakata, basi. Ndivyo vitabu vingi vingechora, mshale kutoka utumbo kwenda retina. Kumbe mwaka 2004 kikundi cha Joseph O'Tousa, mmoja wa waliokuwa na Pak zamani, kikaonyesha kwamba ninaB na ninaD zote mbili zinafanya kazi nje ya retina. Jicho halikati karotini yake lenyewe. Linaletewa.

Nani analiletea? Hapo ndipo anaingia santa-maria. Mwaka 2007 Craig Montell na wenzake huko Johns Hopkins, Baltimore, walikuwa wanatafuta tena nzi wenye rodopsini pungufu, wakapata jeni mpya. Jina lake wamelilazimisha, ni kifupi cha sentensi ndefu ya Kiingereza inayosema ni kipokezi kinachookota, kinafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu, na kikikosekana rodopsini nyingi haipo. Ni ndugu wa ninaD, mlango wa aina ile ile, ila umewekwa sehemu nyingine. Na sehemu yenyewe ndiyo iliyowashangaza, ni kwenye seli za neva na zile seli zinazozihudumia, zinaitwa glia, nje ya retina. Kwenye seli hizo hizo ndipo mkasi wa ninaB ulipo, mlango na mkasi nyumba moja.

Yaani safari iko hivi, karotini inaingia kwa mlango wa ninaD utumbo wa kati, inasafiri kwenye damu ya mdudu ikiwa imebebwa na chembe za mafuta, inapokelewa na santa-maria kwenye seli za neva na glia, inakatwa hapo hapo na ninaB ikawa retinali, afu sasa ndiyo inapelekwa jichoni. Na jichoni kwenyewe haiingii moja kwa moja kwenye seli ya kupokea mwanga, inapita kwa majirani, seli za rangi zinazozunguka kila kijicho, ambako kuna protini inaitwa PINTA inayoshika vitamini A vizuri sana. Hiyo ilijulikana mwaka 2005, nzi asiye na PINTA naye rodopsini yake inashuka. Kwa hiyo una wabebaji, una mlango wa kwanza, mlango wa pili, mkasi, ghala la jirani, na mwisho kabisa seli yenyewe inayoona, ambayo kwenye biashara yote hii ni mteja tu.

Mimi hapa nina maoni yangu. Tumezoea kusema kiungo fulani kinahitaji vitamini fulani, macho vitamini A, neva B1, damu B12, kama vile kila kiungo kinakwenda sokoni kivyake. Kwa nzi huyu lugha hiyo inapotosha. Ubongo wa nzi ndio unaolitengenezea jicho vitamini yake, na ndani ya ubongo wanaoshiriki ni hao glia ambao zamani walikuwa wanachukuliwa kama gundi tu ya kushikilia seli za neva. Aliyekuwa anatafuta ugonjwa kwenye retina angetafuta maisha yake yote.

Kulikuwa na dhana nyingine pia iliyokufa kwenye safari hii. Kwa nzi, tofauti na sisi, kijipande cha vitamini hakitoki kwenye opsini baada ya kupigwa na mwanga, kinabaki pale pale na mwanga wa machungwa unakirudisha. Kwa hiyo watu wakasema nzi hahitaji kukarabati vitamini yake kama sisi tunavyofanya. Mwaka 2010 kikundi hicho cha Montell kikaonyesha anahitaji. Mwangani rodopsini nyingine inamezwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa, kijipande chake kinabaki bila mwenyewe, na kuna vimeng'enya kwenye seli za rangi vya kukikusanya na kukirudisha kazini. Nzi asiyekuwa na kimeng'enya hicho anazaliwa anaona, afu kadiri anavyokaa kwenye mwanga rodopsini inapungua na retina inaanza kuoza. Vitamini iliingia vizuri, ilikatwa vizuri, shida ikawa haiokotwi baada ya matumizi. Huo ni mkwamo wa aina nyingine tena kwa dalili zile zile.

Watu wataniuliza hii inatuhusu nini. Kwa ufupi, mkasi ule tunao, jeni inaitwa BCO1, na mwaka 2007 iliripotiwa habari za mgonjwa mmoja ambaye jeni hiyo ilikuwa imeharibika, damu yake imejaa karotini na vitamini A iko chini, yaani ninaB kwenye mwili wa mtu. Mtu wa hivyo ukimwambia ale karoti na viazi lishe unamwongezea njano tu. Kwa wengi wetu viazi vya njano vinafanya kazi na ni kitu kizuri sana, Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu walipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2016, yeye na wawili kati yao kwa kazi hiyo ya viazi, lakini ukiangalia nzi unaelewa kwa nini watoto wetu wa chini ya miaka mitano wanapewa pia yale matone kila miezi sita. Yale ni vitamini iliyokwisha kukatwa. Haipitii kwenye mkasi. Ni jaribio lile lile la Purdue, bidhaa iliyo tayari badala ya malighafi.

Sawa. Sasa kuna kipande cha kisa hiki ambacho huwa kinaachwa, na mimi ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Nzi ana saa kichwani. Seli za neva kama 150 kwenye ubongo zinazunguka kwa masaa 24 zikimwambia aamke lini, atulie lini, atoke lini kwenye ganda la buu, na kila siku saa hiyo inasahihishwa na mwanga. Mwaka 1971 Zimmerman akiwa na Goldsmith, yule yule wa 1964, wakajiuliza swali la kawaida tu, nzi wa matunda akinyimwa karotini kabisa saa yake nayo itapofuka? Wakawalea bila karotini. Jicho likaanguka vibaya, lilihitaji mwanga kama mara 1000 zaidi ili lihisi kile kile. Saa haikutetereka. Ilikuwa inasahihishwa na mwanga hafifu ule ule kama ya nzi aliyeshiba.

Maana yake ni kwamba ndani ya ubongo wa nzi kuna kitu kinachoona mwanga ambacho hakitumii vitamini A. Na hakikujulikana kwa miaka 27. Mwaka 1998 kikapatikana, protini inaitwa kriptokromu, ipo ndani ya zile seli za saa zenyewe, mwanga unapenya ganda la kichwa na kuifikia, hauhitaji jicho. Na kijipande chake cha kushika mwanga ni FAD, kitu kinachotengenezwa kutokana na vitamini B2, riboflavini. Mwanga ukiipiga inaishika protini ya saa inayoitwa TIM na kuipeleka ikavunjwe, na saa inasogezwa.

Kwa hiyo ubongo mmoja wa mdudu, mdogo kuliko chembe ya mchele, una vitamini mbili tofauti kwa kazi mbili tofauti za mwanga, A kwa kuona vitu, B2 kwa kujua ni saa ngapi. Na angalia jinsi nzi anavyozitendea tofauti. A ukimnyima anapofuka na anaishi. B2 huwezi hata kumnyima ukafanya jaribio, buu haendelei, anakufa, kwa sababu riboflavini inahitajika kila seli kwa ajili ya kuzalisha nguvu, saa imeazima tu kitu kilichokuwa tayari kimejaa nyumbani. Labda ndiyo maana saa haipotei hovyo, imetundikwa kwenye vitamini ambayo ukiikosa hutakuwepo kuulizwa saa ngapi. (Hayo ya labda ni yangu.) Na usije ukadhani wadudu wote wako hivyo, nyuki wa asali hana kriptokromu hiyo ya kushika mwanga, ana ya aina nyingine inayofanana zaidi na ya kwetu, wakati yule kipepeo wa Marekani anayehama maelfu ya kilomita, monarch, anazo zote mbili.

Kwa kuwa kumnyima B2 haiwezekani, ilibidi waharibu jeni. Nzi waliopatikana mwaka ule wa 1998 waliitwa cryb, herufi moja ya protini imebadilika pale pale inapokaa FAD, kwa hiyo vitamini ipo mwilini tele lakini kriptokromu haiwezi kuishika. Unaona tena mchezo ni ule ule, chakula hakina kosa. Na hata hao bado waliweza kufuata mwanga na giza, kwa sababu macho yao yalikuwa mazima na macho nayo yana waya wa kwenda kwenye saa. Jicho linamsaidia saa, saa haihitaji jicho, kwa kuisahihisha saa, jicho na kriptokromu kila kimoja ni akiba ya mwenzake. Ukichukua cryb ukamwongezea na ubovu wa jicho kwenye ile njia ya ndani ya kubadili mwanga kuwa umeme, bado wengi wanashikilia mzunguko kiasi.

Mwaka 2001 Charlotte Helfrich-Förster na wenzake huko Ujerumani wakaunganisha cryb na jeni nyingine mbovu inaitwa glass, ambayo ikiharibika seli za kupokea mwanga hazitengenezwi kabisa, si za jicho kubwa, si za vile vijicho vitatu vya utosini, si za kale kajicho kadogo kalikojificha nyuma ya retina. Sasa A haina pa kukaa na B2 haishikwi. Wakamweka kwenye boksi, taa masaa 12 inawaka, masaa 12 imezimwa, siku baada ya siku. Nzi akawa anaamka, anatembea, analala, kwa mpangilio safi kabisa wa saa yake mwenyewe ya ndani, anaamka leo taa imewaka, siku nyingine anaamka taa imezimwa, hana habari.